Nyumba ya Pili ya Bunge

Kila Jumamosi mdogo wangu alikuwa anakuja kambini kujifunza nchi. Alitoka mjini, Nsungwi, asubuhi, akafika kwangu Dzaleka kabla jua halijawa kali, mkononi mfuko wa sukari na pakiti ya majani ya chai. Alivua viatu mlangoni, akakaa juu ya ndoo niliyoipindua kuwa kiti, akafungua daftari, akasema, "Yaya, mi niko tayari." Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, sisi watu wa Fizi, Kongo. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani, mguu kwenye pedali, na nilikuwa na wivu mpaka sindano ilikuwa inaruka mishono.

Nalisema waziwazi kwa sababu sina tena nguvu za kulivalisha nguo. Kanisani kwetu mtu akiwa na wivu anasema "nilikuwa na huzuni," anaombewa, anarudi nyumbani. Mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa na wivu, ule wenyewe, wa kukaa kooni na kukataa kumezwa hata na maji.

Kwa mama yetu mimi ni kifungua mimba na yeye kitinda mimba, kati yetu miaka kumi na tisa. Kule Fizi nilikuwa mwalimu. Miaka tisa nilifundisha somo la uraia: taifa ni nini, serikali ni nini, raia ana haki gani na wajibu gani. Yeye alikuwa darasani kwangu, mtoto wa miaka tisa, na somo hilo likifika alikuwa analala juu ya meza mate yakimtoka. Vita ilipokuja tulikimbia wawili tu. Tulivuka mipaka mpaka nikachoka kuihesabu, yeye ameshika sketi yangu. Hapa Malawi akasoma kidogo, akaacha, akawa anakaanga mandazi sokoni. Siku moja akaja seremala wa Kimalawi kuuza milango kambini. Akanunua mandazi. Wiki iliyofuata akarudi bila mlango wowote, akanunua mandazi tena. Mnajua mengine.

Sasa ameolewa, anakaa Nsungwi kwenye nyumba yenye bomba uani, na kwa njia ya bwana yake ameomba uraia wa Malawi. Ofisi imemwandikia barua: aje City Centre, mjini, aulizwe maswali. Watu wanasema huko wanauliza mambo ya serikali na katiba. Mdogo wangu akashikwa na hofu. Na nani anajua mambo ya serikali na katiba? Yaya.

Jamani! Yule aliyefundisha uraia miaka tisa hana uraia wa kutumia popote, anatembea na karatasi ya ukimbizi. Yule aliyekuwa analala darasani anapewa nchi, tena nzima, yenye ziwa. Na mimi ndiye wa kumfundisha namna ya kuipokea!

Lakini nilikubali. Ningekataaje? Hana mama mwingine.

Somo la kwanza nilimwambia kwamba nchi haiwi nchi bila vitu vinne: watu, ardhi, serikali, na nchi nyingine za kuitambua na kupeana nayo mikono. Alihesabu kwa vidole. Halafu akatazama nje ya mlango, pale wanawake walipokuwa wamepanga ndoo bombani.

"Kumbe hapa kambi iko karibu kuwa inchi," alisema. "Batu biko. Serikali iko, si tuko na chairman? Na batu ba nje banatutambua, banakujaka kila mwezi na magari yabo meupe."

"Na ardhi?"

Akafikiri. Kambi yetu zamani ilikuwa gereza, kila mtu anajua. "Ardhi njo ya benyewe," alisema, akakunja kidole kimoja.

Tulicheka. Nisidanganye, tulicheka sana siku ile, na jirani yangu Mrundi, mama anayeuza nyanya, akachungulia mlangoni kuuliza kuna arusi gani. Mdogo wangu alikuwa na akili, kumbe. Siku zote nilimhesabu kama mtoto wa kufungiwa kitambaa kichwani, na sasa alikuwa anauliza maswali ambayo wanafunzi wangu wa Fizi hawakuwahi kuniuliza hata mmoja. Hilo nalo liliniuma.

Somo la pili lilikuwa katiba. Nilimwambia, wewe fikiria kikundi chetu cha mamas wa kanisa. Rais wa kikundi anashika ufunguo wa kanisa. Huyo ndiye serikali. Lakini kuna ile karatasi tuliyoandika wote na kutia sahihi, inasema ataushika muda gani, na akikataa kuurudisha nani anaweza kumnyang'anya. Hiyo karatasi ndiyo katiba. Alielewa palepale. Akauliza, "Na kama rais iko na ufunguo na karatasi, byote bibili?" Nikamwambia hapo umeielezea Afrika yetu nzima, tangu wazungu walipoturudishia funguo mpaka leo. Akaandika kwenye daftari. Nikamwambia hiyo usiiandike.

Somo la tatu ndilo lililoniharibu.

Tulikuwa kwenye mipaka na majirani. Nilimweleza kwamba mipaka hii ilichorwa na wazungu waliokaa mbali, na tulipopata uhuru viongozi wetu wakakubaliana kuiacha ilivyo, wakiogopa kwamba ukigusa mmoja yote itaanza kutembea. Ndiyo maana watu wa lugha moja wako Malawi, wako Zambia, wako Msumbiji. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima wa mahali hapa.

"Kweli kabisa," alisema. "Mama ya mama ya bwana yangu tulimuzika ng'ambo, Zambia. Tulipita tu. Juu sisi na Zambia tuko ndugu. Na Msumbiji pia sisi tunapakana nabo vizuri."

Sisi.

Nilisimamisha cherehani. Sisi? Tangu lini? Sisi ambao tulilala porini siku tatu tukingoja askari wa mpaka abadilishe zamu? Alilisema bila kulifikiri, mdomoni mwake limekaa vizuri, na alikuwa bado hata hajaulizwa maswali. Wivu ulinipanda kutoka miguuni. Nilimwona amekaa juu ya ndoo yangu, ndani ya chumba changu cha matofali ya udongo, ameshahama moyoni, na mimi niko katika lile kundi la "wao."

Sasa nieleze kitabu. Nilikuwa na nakala ya katiba ya Malawi, ya zamani, niliyoiokota kanisani kwenye sanduku la vitabu vya msaada. Karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ndani yake mlikuwa na kurasa za Seneti, nyumba ya pili ya bunge, ambamo machifu na wengine wangekaa. Mtu fulani, simjui, alikuwa amezipiga msalaba kwa kalamu ya biki nyekundu na kuandika pembeni kwamba zimefutwa. Nami nilikuwa nimeshauliza zamani, nikaambiwa hiyo nyumba ya pili haikuwahi kukaa hata siku moja. Bunge la Malawi ni nyumba moja, basi. Kwetu Kongo ndiyo ziko mbili.

Nilijua hayo vizuri kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikakiinua kitabu, nikakiegemeza kifuani ili asione ule wekundu, nikasoma kwa sauti yangu ya darasani.

"Andika. Bunge la Malawi lina nyumba mbili. Ya kwanza, wabunge. Ya pili, Seneti."

Akaandika. Akapiga mstari chini yake kwa rula, namna nilivyomfundisha.

Ukitaka kumharibia mtu, mharibie kwa kitu kinachofanana na kosa lako la kawaida. Nilikuwa nimeshajipangia yote: wakimkataa, nitashika kichwa nilie, niseme "ee Mungu wangu, nimechanganya na ya kwetu." Nani angenishuku? Kila Mkongomani angechanganya hivyo hivyo. Alipoondoka nilijisikia mwepesi, nikashona kaptula nne za shule bila kukata uzi. Na nilijua ninachokitaka. Nilitaka wamrudishe. Arudi na mimi kwenye lile kundi la karatasi za ukimbizi, asiniache humu peke yangu.

Raha ile haikumaliza siku mbili. Nilianza kumwona mbele ya afisa, amekaa wima, anataja Seneti kwa sauti kubwa kwa sababu yaya amesema. Jirani yangu Mrundi aliniuliza kwa nini natandika kitambaa kwa hasira hivyo, kimenikosea nini. Nikamwambia aangalie nyanya zake. Nikajiapia kwamba Jumamosi nitalisahihisha. Ni neno moja tu: nilikosea, futa.

Jumamosi akaja, amechangamka. Hata ndoo hajaikalia vizuri, akaanza.

"Yaya, nikipata ile karatasi, tutaenda soko ya Madisi kununua maharagwe kwa magunia. Nafungua duka. Leseni itakuwa na jina yangu, si ya bwana. Jina yangu juu ya mlango!"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, naapa. Nikalimeza. Mimi nimeshona katika nchi hii tangu yeye hajaota matiti. Niliwahi kuwa na chumba mjini, na wateja, na kioo kirefu, mpaka tulipoambiwa wakimbizi wote warudi kambini, biashara za mjini si zetu. Kioo nilikiacha kwa sababu hakikuingia kwenye gari. Na sasa huyu, jina juu ya mlango! Nikamwambia, "Rudia mihimili mitatu ya serikali." Akarudia yote bila kukosea. Alipofika kwenye bunge alisema "nyumba mbili," akanitazama kidogo, nami nikainamia uzi.

Jumamosi nyingine ikapita hivyo hivyo. Sukari, chai, daftari, nyumba mbili.

Siku yenyewe ya maswali niliombwa niende naye, maana ofisi ilitaka ndugu wa kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Nilipanga foleni kambini nikapata karatasi ya ruhusa ya siku moja. Nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara kuu, nimevaa gauni la kanisani. Nilimkuta City Centre ananingoja mbele ya benki, pale penye majengo ya balozi na bendera zao. Alivaa suti ya bluu. Niliitazama pindo. Ilishonwa na mtu mwingine, tena vibaya, na roho iliniuma hata kwa hilo.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Kidogo."

Hapo ndipo ningemwambia. Tulikuwa na dakika nyingi, tumekaa kwenye benchi la korido, magoti yetu yanagusana. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akapita mlinzi. Mara ya pili hakupita mtu yeyote, niliogopa tu kuuona uso wake akijua. Tukaitwa.

Afisa alikuwa mama wa rika langu, miwani imening'inia kifuani. Alitazama karatasi yangu ya ruhusa mbele na nyuma, akaniambia kwa upole nihakikishe nimerudi kambini kabla muda haujaisha. Akaniuliza kama huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, nikasema ndiyo, nikatia sahihi. Halafu akamgeukia mdogo wangu, na tangu hapo mimi nikawa kama kiti. Walizungumza Chichewa. Mdogo wangu anakisema kama aliyezaliwa Dowa, anacheka wanapocheka wenyeji. Akaulizwa rais anachaguliwa vipi, akajibu. Akaulizwa mahakama ina kazi gani, akajibu kwa maneno yangu yenyewe, yale ya ufunguo wa kanisa, na afisa akaweka kalamu chini akacheka.

"Na bunge letu," afisa aliuliza, "lina nyumba ngapi?"

Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema mama, samahani, hilo nimemfundisha vibaya mimi. Nilikaa. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili na nikakaa, na nilikuwa na hofu na tamaa pamoja, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa kubwa.

Mdogo wangu hakunitazama.

"Imodzi," alisema. Moja.

Afisa akaandika. Akauliza mengine mawili matatu, akafunga faili, akasema yeye kwa upande wake ameridhika, faili inapanda juu, atapigiwa simu. Kisha akauliza nani amemfundisha vizuri hivi.

"Ni yaya yangu," alisema mdogo wangu. "Kwetu alikuwa mwalimu."

Yule mama akavaa miwani akanitazama upya. "Mwaphunzitsa bwino," aliniambia. Umefundisha vizuri.

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Zikomo." Asante.

Tulitoka, tukatembea mpaka kwenye kituo cha magari yanayoelekea kaskazini. Njia yetu ni moja, ila yeye anashukia Area 25, karibu na kwake Nsungwi, na mimi naendelea. Akanunua mandazi mawili, akanipa lililo kubwa. Nikalifunga kwenye leso.

"Ulijua," nilisema mwisho.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliniandikisha. Niliona biki nyekundu wakati unageuza kitabu. Nikarudi nyumbani nikaazima kitabu ya shule ya binti ya jirani. Byote biko mule, yaya. Rais, bunge, mahakama, mipaka, byote. Hata na picha."

Nikaona moto usoni. Kumbe elimu yangu yote, miaka tisa ya chaki, imo kwenye kitabu cha mtoto wa shule ya msingi, tena na picha! Na angalieni nilivyo: nimeshikwa na aibu mpaka masikio, na bado nikapata nafasi ya kukionea wivu hicho kitabu.

"Sasa juu ya nini ulikuwa unakuja?" nilimuuliza kwa ukali, kama vile mkosaji ni yeye. "Ulikuja kunichezea? Kuona mwalimu anavyodanganya?"

Alifuta sukari ya mandazi vidoleni.

"Bwana yangu hapendi niende kambini," alisema. "Si mubaya. Anasema nauli, anasema polisi ya barabarani, anasema unaenda kule kufanya nini kila wiki. Nikamuambia yaya ananifundisha. Hapo ananyamaza. Mwalimu anamuheshimu sana. Njo maana sikukuambia. Ningesema uko unanidanganya, ungeona haya, ungeacha kunifundisha. Na mi nilikuwa nakuja kukuona."

Nilitazama barabara. Gari la kwanza lilijaa, likaondoka. Nilitaka kumwambia nisamehe. Hilo ndilo neno lililotakiwa na nilikuwa nalo, lakini kooni pale pale palipokaa wivu wote ule palikuwa pamefungwa. Nilipiga hesabu ya Jumamosi zangu za mbele: cherehani, jirani na nyanya zake, ndoo iliyopinduliwa haina mtu. Nilikuwa nimehangaika kumzuia asipate nchi, na yale masomo niliyokuwa nayatia sumu ndiyo peke yake yaliyokuwa yananiletea mdogo wangu.

"Sasa nimeshaulizwa," alisema, na sauti yake ikawa ya yule mtoto wa miaka tisa. "Jumamosi hii nitamuambia bwana naenda kufanya nini?"

Gari letu likaja. Kondakta akapiga mlango kwa kiganja, twendeni, twendeni. Nikamshika mdogo wangu mkono asipande kwanza.

"Mwambie katiba ni ndefu," nilimwambia. "Mwambie mwalimu amesema mmefika nusu tu."